Barua ya shule ataisoma nani? Kisa cha familia moja ya Ottawa kati ya Kifaransa na Kiingereza

Mezani palikuwa na fomu nne, birika la chai ya tangawizi, na binti wa miaka mitatu na nusu aliyekuwa akichora kwa kalamu ya rangi juu ya fomu ya tatu bila mtu kumkataza. Ilikuwa Januari, kusini mwa Ottawa, theluji imepanda hadi kwenye kizingiti cha dirisha. Baba ni mtu wa Bukavu, mama ni mtu wa Ujiji. Walikutana Kigoma, wakaoana, na baada ya safari ndefu isiyohusu kisa hiki wakafika Kanada kama wakazi wa kudumu. Jimbo la Ontario, ambako Ottawa ipo, humpokea mtoto chekechea Septemba ya mwaka anaotimiza miaka minne, kwa hiyo binti yao alikuwa amebakiza miezi minane.

"Mutoto atasoma Kifaransa," baba alisema kabla sijamaliza kuvua koti. "Hapa njo lugha ya kazi, dada."

Mama alikuwa akimimina chai. Hakugeuka. "Na barua za shule atazisoma nani moja baada ya nyingine? Wewe uko ghalani mpaka saa ngapi?"

Kazi yangu ni kusaidia familia zilizohamia kuingiza watoto shuleni, na nimeshakaa kwenye meza nyingi za namna ile. Wengi huuliza shule ipi ni nzuri. Huyu mama aliuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijalipa uzito, na nililidharau, kama nitakavyoeleza. Wameniruhusu nikiandike kisa chao. Nimebadilisha vitu vichache ili wasitambulike.

Nani anajua nini ndani ya nyumba

Kabla ya kufungua fomu yoyote huwa naomba tuhesabu lugha za nyumbani, kila mtu na yake. Baba alisomeshwa kwa Kifaransa hadi akamaliza sekondari. Anakisoma gazetini, anakiandika vizuri kuliko mimi. Kiingereza chake ni cha ghala: namba za rafu, majina ya makasha, salamu za asubuhi. Mama alisoma msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo yote yamegeuka Kiingereza. Leo anakimudu, na ndicho anachofanyia kazi kwenye nyumba ya wazee zamu ya jioni. Kifaransa hajui. Wao kwa wao wanaongea Kiswahili, yeye cha Kigoma, mumewe cha Kivu, wakichekana kwa maneno kila siku.

Tazama sasa hali ilivyo. Wakichagua shule ya Kiingereza, baba anabaki nje ya mlango. Wakichagua ya Kifaransa, mama ndiye anayebaki nje, na kwa zamu zao mama ndiye anayekuwa nyumbani asubuhi, ndiye anayepeleka na kupokea. Hakuna shule jijini ambayo ingewachukua wote wawili sawasawa, labda ya Kiswahili, na hiyo haipo.

Milango minne, na neno linalodanganya

Walichokuwa wakitafuta ni "shule ya lugha mbili". Neno hilo linapendeza masikioni lakini Ottawa halina anwani. Serikali ya Ontario hugharimia mifumo minne ya shule bega kwa bega: ya umma ya Kiingereza, ya Kikatoliki ya Kiingereza, ya umma ya Kifaransa, na ya Kikatoliki ya Kifaransa. Kila mmoja una bodi yake, mabasi yake, fomu zake. Ndiyo maana mezani zilikuwa nne.

Miwili ya Kikatoliki tuliiweka kando ndani ya dakika kumi. Baba ni Mkatoliki, mama ni Mwislamu, na walikuwa wameshakubaliana tangu Kigoma kwamba dini ya mtoto haitaamuliwa na shule. Kulikuwa pia na mlango wa tano, shule ya kulipia inayofuata mtaala wa Ufaransa, Lycée Claudel, iliyopo jijini tangu 1962. Baba aliijua kwa jina. Akauliza ada, nikamwonyesha, akarudisha simu yangu mezani taratibu.

Ikabaki mitaala miwili, na hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu yote miwili hutoa mtoto anayesema Kifaransa na Kiingereza na kila mmoja huuzwa kwa maneno yale yale.

Wa kwanza ni shule ya Kiingereza yenye programu ya kumzamisha mtoto kwenye Kifaransa. Wenyeji huiita immersion. Mimi husema kuzamishwa, nikijizuia kusema kuzamia, maana kwetu kuzamia ni kupanda meli bila tiketi. Ilianzia St. Lambert, nje kidogo ya Montreal, mwaka 1965. Wazazi wa Kiingereza, Olga Melikoff akiwa mmoja wa vinara wao, waliona watoto wanahitimu sekondari bila uwezo wa kuongea na muuza duka Mfaransa wa mtaa wa pili, wakaidai bodi darasa moja la chekechea la Kifaransa kitupu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha McGill, Wallace Lambert na Richard Tucker, waliwafuatilia watoto hao kwa miaka na kukuta Kiingereza chao hakikuharibika. Kutoka darasa lile moja programu ikaenea nchi nzima. Ontario inataka mtoto aliyezamishwa awe amepata angalau saa 3,800 za masomo kwa Kifaransa anapomaliza darasa la nane. Mwenzake anayesoma Kifaransa kama somo la kawaida tu hupata 600.

Wa pili ni shule ya Kifaransa yenyewe. Huko kila kitu ni Kifaransa, hesabu, nyimbo, matangazo ya spika, na Kiingereza huingia kama somo darasa la nne. Nikafanya hesabu pale pale nyuma ya bahasha: dakika 300 za masomo kwa siku, siku 187 hivi kwa mwaka, ni kama saa 935. Mtoto akianza na miaka miwili ya chekechea, zile saa 3,800 anazivuka mwanzoni mwa darasa la tatu.

"Kwa hiyo Kiingereza atakijulia wapi?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekumbuka kitu. Alinisimulia Januari yake ya kidato cha kwanza. Mwalimu wa biolojia aliandika ubaoni, darasa zima likanakili bila kujua linanakili nini. Yeye, aliyekuwa wa pili shule ya msingi, hakunyoosha mkono mpaka kidato cha pili. "Sitaki akae hivyo," alisema. "Kimya hivyo."

Mtaa unatoa nini bure

Jibu langu kwa swali la Kiingereza lilikuwa dirishani. Watoto watatu walikuwa wakiteleza kwenye tuta la theluji, mmoja Msomali, mmoja sikumjua, mmoja Mhaiti, na walikuwa wakigombana kwa Kiingereza. Katuni za binti kwenye simu ya mama zilikuwa za Kiingereza. Daktari wa meno, maktaba, bwawa la kuogelea, dereva wa basi, vyote Kiingereza. Ottawa ni mji mkuu wa nchi yenye lugha rasmi mbili tangu sheria ya 1969, lakini kusini mwa jiji unaweza kukaa wiki nzima usisikie Kifaransa isipokuwa kwenye mashine ya benki.

Rodrigue Landry na Réal Allard wa Chuo Kikuu cha Moncton walilichunguza jambo hili kwa watoto wa Kifaransa wanaoishi katikati ya bahari ya Kiingereza. Picha yao ni ya mizani: upande wa Kiingereza umeshajazwa na mtaa na televisheni, kwa hiyo shule inapaswa kuwekwa upande wa pili, na ukiiweka upande ule ule uliojaa, mtoto haongezewi kitu. Waliosoma kwa Kifaransa kitupu walikuwa na Kifaransa chenye nguvu zaidi na Kiingereza chao kilikuwa salama.

Huo ndio msimamo wangu na sijabadilika: shule ichaguliwe kwa ile lugha ambayo mtaa hautoi. Ningekuwa naandikia familia iliyoko Gatineau, ng'ambo ya pili ya mto, ningesema jingine. Ila huko swali lenyewe halipo. Gatineau ni jimbo jingine, Quebec, na tangu Sheria 101 ya mwaka 1977 mtoto wa mhamiaji huko anapelekwa shule ya Kifaransa, basi. Jirani yao alihamia huko kufuata kodi nafuu ya nyumba, akajikuta ameshachaguliwa shule na daraja.

Tulichokiona madarasani

Tulikwenda kuangalia shule zote mbili Februari. Mzazi akiniuliza siku hizi ajiandae vipi, namwambia aache kuuliza kama shule ni ya lugha mbili. Kila mtu atasema ndiyo. Amwulize mwalimu mkuu: mtoto akijibu kwa lugha isiyo ya darasa, mwalimu anafanya nini? Uwanjani wanacheza kwa lugha gani? Akichelewa kusoma, mtaalamu wa kumsaidia mnaye, na anafanya kazi kwa lugha ipi?

Shule ya Kiingereza ilikuwa mwendo wa dakika sita kwa miguu, faida kubwa kwenye baridi ile. Chekechea yake ilikuwa nusu kwa nusu, kuzamishwa kukianza darasa la kwanza. Mwalimu wa Kifaransa alikuwa hodari. Aliuliza kwa Kifaransa rangi ya samaki, watoto wakapaza sauti "blue!", naye akapokea jibu kwa Kifaransa akaendelea. Hakuna aliyekosea pale. Lakini katika watoto wote wa chumba kile hakuna hata mmoja aliyekuwa na Kifaransa nyumbani, kwa hiyo kinywa cha Kifaransa kilikuwa kimoja, cha mwalimu, na saa ya mapumziko kinywa hicho kilikwenda kunywa kahawa. Nilimwuliza mwalimu mkuu swali la tatu. Alijibu kwa uaminifu kwamba msaada wa kusoma upo zaidi upande wa Kiingereza, na kwamba watoto wengine wakilemewa huhamishwa kutoka kwenye programu. Wakosoaji wa kuzamishwa wamelisema hilo kwa miaka mingi: programu hujichuja, wanaolemewa wakarudishwa darasa la Kiingereza.

Shule ya Kifaransa ilikuwa mbali, dakika thelathini na tano kwa basi, kwa kuwa shule hizo ni chache na kila moja inakusanya watoto wa eneo kubwa. Tulifika wakati wa kutoka nje. Watoto ishirini na zaidi walikuwa wakivaa. Ukitaka kuijua chekechea ya Kanada, kaa kwenye ujia wake dakika hizo. Makoti yamelazwa sakafuni, kofia ya koti ikielekea miguuni mwa mtoto. Anainama, anaingiza mikono kwenye mikono ya koti, analirusha juu ya kichwa, na linamvaa lenyewe mgongoni. Mwalimu na msaidizi wake wakipita na kufunga zipu. Mvulana mmoja zipu ilimkwama, akamwambia mwenzake, "C'est stuck!", yaani imekwama, nusu Kifaransa nusu Kiingereza. Mwenzake akamjibu kwa Kiingereza safi. Ukutani juu ya vichwa vyao palikuwa na bango la kuwahimiza waongee Kifaransa.

Baba alinuna. "Hii ni Kifaransa gani?"

Mimi nilifurahi, na nilimwambia kwa nini. Mtoto wa "c'est stuck" alikuwa amekitoa Kifaransa kinywani kwake mwenyewe, kwa mtoto mwenzake, kwa shida yake mwenyewe, bila kuulizwa rangi ya samaki. Na Kiingereza, kama nilivyomwambia mama, kilikuwa kimeshaingia kwa mlango wa nyuma hata humo.

Kamati

Kuingia shule ya Kifaransa Ontario si suala la kuandika jina tu. Haki hiyo inatoka Ibara ya 23 ya Mkataba wa Haki na Uhuru wa mwaka 1982. Anayo raia ambaye lugha yake ya kwanza ni Kifaransa, au aliyesoma shule ya msingi kwa Kifaransa ndani ya Kanada, au mwenye mtoto anayesoma au aliyesoma hivyo. Baba hakuwa raia, lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiswahili, na shule yake ya msingi ilikuwa Bukavu. Watu wa aina yake hupitia kamati ya udahili: mwalimu mkuu, mwalimu mmoja, na afisa wa bodi. Tangu 2009 sera ya Ontario inazielekeza bodi kuwapokea kwa mikono miwili wahamiaji wanaotumia Kifaransa, hata kama si lugha ya mama yao, na kwa Wakongo, Warundi na wengine wa kwetu mlango huo ni mpana kuliko wanavyodhani. Wengi hawajui kwamba upo.

Kikao kilichukua dakika ishirini. Baba alivaa tai. Walimwuliza anasoma nini, anamsomea mtoto nini, nyumbani watafanyaje. Mama alikaa kando yake akitabasamu pasipo kuelewa, kisha afisa akamgeukia na kumwuliza kwa Kiingereza yeye anaonaje. Hilo lilinigusa, maana kanuni haikumlazimisha.

Baadaye ndani ya gari baba aliuliza kwa nini wanahoji hivyo, kama ubalozi. Nikampitisha Murray Street, mbele ya jengo la matofali lililokuwa Shule ya Guigues. Mwaka 1912 Ontario ilitoa Kanuni ya 17, iliyobana Kifaransa mashuleni hadi miaka miwili ya mwanzo. Dada wawili walimu, Béatrice na Diane Desloges, waliendelea kufundisha kwa Kifaransa hapo Guigues, na Januari 1916 akina mama wa mtaa waliwazuia polisi mlangoni wakiwa na pini ndefu za kofia, mikasi na chochote kilichokuwa jikoni. Kanuni ile iliacha kutekelezwa 1927. Bodi za Kifaransa zinazojitawala zenyewe zimeenea jimbo zima 1998 tu. Watu walioipata shule kwa pini za kofia lazima wakuulize utaifanyia nini.

Kuna jambo jingine kamati haikulisema nami nililiweka wazi. Binti akimaliza msingi kwa Kifaransa na familia ikapata uraia, yeye mwenyewe atakuwa na haki ya Ibara ya 23 kwa ajili ya watoto wake, hata nje ya Ontario. Kuzamishwa hakuhesabiki kwa haki hiyo, hata Kifaransa cha mtoto kiwe kizuri namna gani. Wazazi wa mtoto wa miaka minne walikuwa wakiamua jambo la wajukuu wao.

Kuhusu kazi, baba alikuwa na haki yake. Serikali kuu ndiyo mwajiri mkubwa wa jiji, na nafasi nyingi za makao makuu zinataka lugha zote mbili. Posho ya mtumishi anayezitumia ni dola 800 kwa mwaka, kiwango kile kile tangu 1977, kwa hiyo asiote utajiri. Kinachotafutwa ni ile nafasi yenyewe.

Kosa langu

Wakachagua Kifaransa. Mama alikubali kwa sharti moja: barua. Nami, nikiwa na haraka, nikamwambia hilo ni dogo, kamera ya simu itamtafsiria.

Ijumaa moja ya Novemba, nyuzi 18 chini ya sifuri, mama na binti walisimama kituoni toka saa moja na dakika kumi asubuhi. Basi halikuja. Binti alianza kulia kwa baridi ya vidole. Saa moja na nusu mwanamke aliyekuwa akitembeza mbwa akawaambia leo hakuna shule ya Kifaransa, ni siku ya walimu. Barua ilikuwa imekuja wiki moja kabla: "journée pédagogique". Kwa Ontario maana yake ni siku ambayo walimu wana mafunzo na wanafunzi wanabaki nyumbani. Simu ilitafsiri neno kwa neno, siku ya kielimu, na mama akaelewa kwamba ni siku ya masomo maalumu. Alikuwa amemvalisha binti gauni zuri ndani ya koti.

Alinipigia akiwa njiani kurudi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Dada, ulisema ni kitu kidogo." Nilikaa na simu mkononi kwa muda.

Tangu siku hiyo tulikaa chini tukafanya kile ambacho ningepaswa kukifanya kabla ya fomu kujazwa. Shule iliombwa kumpigia baba wakati wa chakula chake cha mchana kwa jambo lolote la dharura. Kalenda ya mwaka ilichapishwa ikabandikwa kwenye friji, siku zisizo na shule zimezungushiwa wino mwekundu. Mama akajiandikisha kwenye masomo ya Kifaransa ya wahamiaji, yale ambayo serikali kuu hulipia kwa wakazi wa kudumu, mara mbili kwa wiki asubuhi baada ya basi kuondoka. Hilo la mwisho alilitaka mwenyewe. Sikulipendekeza, nilifikiri zamu zake zimeshamchosha.

Nyumba iliyokuwa imenyamaza

Kulikuwa na tatizo jingine lililochelewa kuonekana. Majira yale muuguzi wa kliniki fulani aliwaambia wazazi waache Kiswahili nyumbani ili wasimchanganye mtoto. Baba akalishika neno hilo. Akaanza kuongea Kifaransa tu mezani. Mama akawa hana cha kujibu. Binti, aliyekuwa akisimulia ndoto zake kwa Kiswahili kila asubuhi, akaanza kula kimya. Shuleni pia alikuwa kimya. Mwalimu hakuona ajabu, watoto wengi huanza kwa kusikiliza miezi kadhaa, lakini alishtuka nilipomweleza kuwa sasa na nyumbani hasemi.

Ushauri ule haukuwa na msingi. Jim Cummins, mtafiti wa lugha wa Chuo Kikuu cha Toronto, ametumia maisha yake ya kazi kuonyesha kwamba kile mtoto anachokijenga kwenye lugha ya kwanza, kupanga hadithi, kulinganisha, kutoa sababu, hakipotei anapoingia lugha ya pili, kinahamia. Ndiye pia aliyeonya kwamba mtoto huweza kuzungumza uwanjani ndani ya miaka miwili hivi, ilhali lugha ya masomo huchukua mitano hadi saba kuwafikia wenzake. Mzazi anayepima kwa miezi anajitesa bure.

Tukarudisha Kiswahili mezani. Kifaransa cha baba kikapewa mahali pake, kitabu cha kulalia, kila usiku kimoja. Kiingereza hakikupewa mahali popote, na hakikuhitaji.

Ushahidi ulikuja Januari, ukamkasirisha baba. Maneno ya kwanza binti aliyotoka nayo shule ya Kifaransa yalikuwa "my turn". Ya pili, "no fair". Kifaransa kilifuata Machi, kwanza nguo: tuque kwa kofia ya sufi, mitaines kwa glavu zenye kidole gumba pekee, kisha nyimbo, kisha sentensi nzima ya kumshitaki mtoto mwenzake. Mwaka wa pili alihesabu hadi mia. Alipofika sabini akasema "soixante-dix", baba akamsahihisha "septante", kama wasemavyo Kongo, urithi wa Wabelgiji. Binti akamwambia mwalimu hasemi hivyo. Wakabishana mpaka chakula kikapoa. Mama akacheka akawaambia wote wawili ni sabini.

Yapo ambayo bado sina hakika nayo. Basi la dakika thelathini na tano linamchosha. Mwaka wa kwanza alikuwa akilala njiani na dereva akimwamsha. Marafiki wa mtaani wanasoma shule ile ya dakika sita, na Jumamosi anachelewa kuelewa michezo yao. Kwa bibi wa Ujiji kwenye simu, Kiswahili kimeanza kupata viraka: "Bibi, nime-tomber," yaani nimeanguka. Bibi husema eeh, pole, bila kujua amepewa pole ya nini, kisha humwuliza mama pembeni. Na kusoma kwa Kiswahili hakuna anayemfundisha bado. Mama anasema ataanza naye akifika darasa la kwanza, nami namwambia asingoje.

Februari iliyopita nililala kwao, barabara zilikuwa zimefungwa na dhoruba. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi simu ya mama iliita ujumbe. Nilimwona kwenye mwanga wa skrini, nywele zimefungwa kitambaa, akisogeza midomo: "Le transport scolaire est annulé." Usafiri wa shule umefutwa. Akasoma mara ya pili. Kisha akaenda chumbani, akamvua binti soksi alizokuwa ameshaanza kuvaa, akamrudisha chini ya blanketi.